Baba Herufi na Mnong'ono

Jina la Baba Herufi halikutoka kwenye kompyuta. Lilianza enzi za brashi na makopo ya rangi, alipokuwa akiandika vibao vya maduka mtaa mzima, na watoto wakisimama nyuma yake kumtazama akiuvuta mkia wa herufi "g" kwa mkono usiotetemeka. Hakuna aliyemsumbua kwa maswali, maana wote walijua hasikii. Homa ya uti wa mgongo ilimpitia akiwa na miaka mitatu, ikaondoka na masikio yote mawili, ikamwachia macho ambayo mkewe alizoea kusema yanafanya kazi ya watu wanne.

Vibao vilipoanza kuchapwa kwa mashine, brashi zikakauka. Kwa muda wa mwaka mzima alishinda dukani kwa mkewe, ambaye mtaa ulimwita Mama Fotokopi, akizipanga bahasha ambazo zilikuwa zimepangika tayari. Mpaka siku moja mkewe akaweka chini bando la karatasi, akamwambia kwa ishara za mikono, kubwa kubwa, "Mzee, ukizipanga tena bahasha zangu, nami nitakupanga wewe rafuni!"

Aliyemtoa huko alikuwa binti yao. Wakati huo alikuwa bado yuko chuo cha ualimu. Alikuja nyumbani likizo na kompyuta kuukuu iliyopasuka pembeni, akafungua humo programu ya michoro inayotembea, akaandika herufi A, akabonyeza. Ile A ikainuka, ikajinyoosha kama mtu aliyetoka kulala, ikatembea mpaka upande wa pili wa kioo. Baba Herufi aliangua kicheko. Kicheko chake kilikuwa kikubwa kuliko alivyojua, na wateja waliokuwa wakisubiri fotokopi wote waligeuka. Akamshika binti yake kiganja, akamwambia, "Tena." Wakairudia ile A mara ishirini.

Miaka sita ilipita tangu siku hiyo. Chumba cha nyuma ya duka, kilichokuwa cha maboksi, kikawa chumba chake cha kazi: meza ya mbao za kuunga, feni iliyofungwa waya, dirisha linalotazama tangi la maji la jirani, na spika aliyoilaza juu ya benchi analokalia ili ngoma ya muziki aisikie kwenye paja. Alikuwa ametengeneza filamu fupi sitini na tatu, za saluni, za mabati, za zahanati, za duka la magodoro, zote za herufi zinazocheza huku sauti ya binti yake ikisoma tangazo. Mteja alilipa, akashukuru, akarudi tena au akamleta ndugu yake.

Ndani ya programu ile kuna kitu wanachokiita priseti. Ni mpangilio ambao mtu ameuhifadhi, ili kesho akibonyeza mara moja tu, kazi ya nusu saa ijifanye yenyewe. Baba Herufi alikuwa na priseti nyingi za mwendo, zote alizichota kwa watu. Iliyoitwa Fundi Viatu iliingiza neno likiyumba kushoto na kulia, kama jirani yao mshona viatu anavyotembea akiwa na kiatu cha mteja mkononi. Iliyoitwa Mama Fotokopi ilileta neno katikati ya kioo, likasimama, likashika kiuno. Mkewe alipoiona mara ya kwanza alimpiga na rula begani, kisha akaomba aione tena.

Kwa upande wa sauti alikuwa na priseti moja tu, nayo aliiita Sawa.

Sauti kwake ilikuwa mchoro. Binti akishasoma kwenye maikrofoni, programu ilimwonyesha mawimbi: mahali panene, mahali pembamba, mahali pa uzi tu. Naye alikuwa mwandishi wa vibao. Mwandishi wa vibao hupiga mistari miwili ya chaki, akaziweka herufi zake katikati, na herufi inayozama chini ya mstari ni herufi iliyolewa. Basi akatengeneza Sawa: sehemu nyembamba ikazinyanyua, zilizojitokeza ikazikata, mpaka wimbi zima likajaa na kunyooka kama ua wa michongoma uliotoka kupunguzwa kwa mkasi. Akilitazama hivyo moyo wake ulitulia. Alitoa faili jioni, akaliweka kwenye folda iliyoandikwa Tayari, na asubuhi, kabla ya kwenda kufundisha watoto wa shule ya awali, binti yake alilichukua na kumtumia mteja. Kutuma ilikuwa kazi ya binti. Hivyo ndivyo walivyogawana.

Mwaka huo ikaja kazi ambayo Baba Herufi hakuwahi kuiota. Ofisi ya elimu ya watoto wadogo ilitaka filamu kumi na mbili za kufundishia herufi. Mratibu wao, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyoshikizwa kwa kamba shingoni, alikuja mwenyewe mpaka dukani. Alisimama nyuma ya benchi akazitazama herufi zinavyotembea, akatabasamu, kisha akauliza, "Na upande wa sauti, nani anashughulikia?"

Mama Fotokopi alitafsiri kwa mikono, na alipomaliza akaanza kufuta kaunta isiyokuwa na vumbi. Binti alifungua mdomo. Lakini Baba Herufi alikwisha kujigonga kifuani.

"Mimi. Picha na sauti."

Mratibu alimtazama, akayatazama masikio yake, kisha kwa adabu akaitazama feni. "Haya," akasema. "Anza na herufi M. Nataka niione Jumatano saa sita. Nikiridhika, kumi na moja zilizobaki ni zako."

Jioni ile Baba Herufi hakuzungumzia fedha hata kidogo. Alichozungumzia, mpaka chai ikapoa, ni kwamba yule mwanamke hakuuliza swali ambalo watu wote huliuliza: nani anakusaidia? Tangu utoto kila alichofanya kilitafutiwa mtu wa pili nyuma yake. Kazi hii, alisema, ataifanya mwanzo mpaka mwisho kwa mkono wake, na hakuna atakayechungulia mgongoni pake kumtafuta mwingine.

Binti alikuwa akikoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka zamani.

Siku mbili baadaye akaitwa kwenye semina ya walimu, mji mwingine, arudi Alhamisi. Kabla hajaondoka alirekodi hadithi ya M. Ilikuwa hadithi fupi: mwezi unatoka, mama anambeba mtoto, mtoto analala, na mama anawaambia paka na kuku kwa mnong'ono, "Mtoto amelala, msimwamshe," kisha anawaaga. Begi likiwa begani, alisimama mlangoni pa chumba cha kazi, akapepea mkono ili baba yake amtazame.

"Baba, usiipeleke mpaka nirudi."

"Wanaitaka Jumatano. Wewe unarudi Alhamisi."

"Waombe siku moja."

"Kwa sababu gani?"

"Basi tu."

"Basi tu!" Baba Herufi alicheka. "Nimwendee mtu wa ofisi nimwambie basi tu? Nenda, mama, utachelewa. Baba yako hajaanza kutambaa leo."

Alimpungia mkono. Binti alibaki pale kidogo, kisha akageuka haraka haraka.

Jumatano, Baba Herufi alivaa shati la mikono mirefu, akatia flashi kwenye mfuko wa kifuani, akaufunga mfuko kwa kifungo. Ofisini walikuwa watatu, mratibu na wanaume wawili. Waliweka filamu kwenye kompyuta, wakafungulia spika. Yeye hakutazama kioo. Aliijua kila hatua ya ile M. Alitazama nyuso zao.

Mwanzoni nyuso zilifunguka. Mwezi ulipopanda, mwanaume mmoja aliegemea mbele. Kisha M ikajikunja kama mtoto aliyelala, na mdomo wa mama ukaanza kutikisika kwenye kioo, na Baba Herufi akaona mabega ya wale watu yakiruka yote kwa pamoja, kama watu waliomwagiwa maji. Mwanaume wa pili alinyoosha mkono kuipunguza spika. Mratibu alivua miwani.

Alivuta karatasi, akaandika, akamsogezea.

"Picha ni nzuri mno. Lakini sauti inapiga kelele mwanzo mpaka mwisho. Hapa mama anapomnong'onea paka, ananguruma kama anayenadi nyanya sokoni. Mtoto yeyote ataamka."

Chini yake akaongeza mstari mwingine.

"Filamu zenu tulizoziona kabla, ya zahanati na ya mabati, sauti yake ni safi. Hizo alifanya nani?"

Baba Herufi alishika kalamu. Aliandika "Mimi", na kabla hajaweka nukta, akili yake ikarudi nyuma hatua moja, ikasimama. Alilitazama lile neno. Lilikuwa limeandikwa vizuri.

Mratibu hakuwa mtu mbaya. Alimwandikia kwamba Ijumaa saa nne darasa la watoto wa shule ya jirani litakuja pale kujaribu filamu, na kwamba hiyo ndiyo nafasi ya mwisho aliyoweza kumtafutia.

Nyumbani hakuingia chumba cha nyuma. Alikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta ya dukani, ambayo binti aliitumia kutuma kazi, akatafuta filamu ya zahanati. Akaichukua na ile yake ya folda ya Tayari, akazifungua zote mbili, moja juu na moja chini.

Juu palikuwa na ua wake wa michongoma. Chini palikuwa na nchi nyingine kabisa. Kulikuwa na vilima, na mabonde, na mahali ambapo sauti ilipungua taratibu mpaka ikawa uzi, halafu ikainuka tena. Chini ya jina la faili paliandikwa muda wa kuhifadhiwa: saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi. Akafungua ya mabati. Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Ya saluni, ya magodoro, ya kiwanda cha matofali. Zote sitini na tatu zilikuwa na faili la pili, na mafaili yote ya pili yalizaliwa alfajiri, wakati yeye amelala na binti yake hajanywa chai.

Aligonga kaunta kwa kiganja. Mkewe aligeuka.

"Ulijua?"

Mama Fotokopi aliona kilichokuwa kwenye kioo. Aliziweka karatasi chini moja moja, kama mtu anayetafuta muda.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu ile ya pili. Ya kwanza mwenye mabati aliirudisha. Alisema mbwa wake wamejificha uvunguni." Alijaribu kutabasamu, tabasamu likakataa. "Ulikuwa na furaha mno, mzee. Ulikuwa umeacha kupanga bahasha. Ningeanzia wapi?"

"Mwanzo!"

"Mtoto aliniomba."

"Mmenivisha kilemba cha ukoka," alisema, na mikono yake ilikuwa ikikata hewa vipande vipande. "Miaka sita! Na mimi natembea nacho barabarani, nasalimia watu."

Mkewe akaanza kujibu. Baba Herufi alifumba macho. Kwake yeye kufumba macho ni kufunga mlango na kutia kufuli, na Mama Fotokopi, aliyeishi naye miaka ishirini na saba, alijua hakuna wa kubisha hodi. Alirudi kwenye mashine yake. Fundi Viatu, aliyekuwa amekuja kutoa nakala ya kitambulisho na hakuelewa chochote, alimpigia Baba Herufi salamu kwa kelele kama kawaida yake, midomo imefunguka kama pango, kisha akaona macho yamefumbwa, akaondoka kwa kunyata, jambo ambalo halikuwa na haja hata kidogo.

Alhamisi saa nane mchana binti akafika. Mama yake alikuwa amekwisha kumpa habari zote pale nje, bado akiwa na begi mkononi. Aliingia chumba cha nyuma akamkuta baba yake ameketi, mawimbi mawili ya M yako kwenye kioo, la juu lililopitishwa kwenye Sawa na la chini kama lilivyorekodiwa. Alikaa kwenye kigoda, magoti pamoja, kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Nisamehe, Baba."

"Nilipokuwa juu ya ngazi," alisema Baba Herufi, na safari hii mikono yake ilikwenda polepole, "watu walipita chini. Mtu akiona s imelala, aliniambia. Hata wauza magazeti waliniambia. Wananivuta suruali, wananionyesha: hii imelala! Nashuka, natazama, napanda, nafuta. Hakuna aliyenihurumia hata mmoja. Ndiyo maana nikawa fundi." Akamnyooshea kidole. "Wewe umenihurumia."

Binti alilia. Hakuificha sura yake, maana angeificha, baba yake asingeona anachosema. "Nilidhani nikikwambia utaacha. Nilidhani utarudi kwenye bahasha."

"Pengine ningerudi. Wiki moja." Alimfuta shavu kwa nyuma ya vidole, kama anavyofuta kioo. "Kisha ningechoka, ningerudi kukuuliza kosa liko wapi. Basi nimekuuliza. Kosa liko wapi?"

Binti alielekeza kidole mahali pembamba kwenye wimbi la chini. "Hapa nilikuwa nanong'ona. Priseti yako imenifanya nipige kelele."

"Mnong'ono naujua. Nimeusoma vitabuni. Ni kusogeza mdomo sikioni."

"Ndiyo, lakini…"

"Sasa ukisogea, sauti ni ile ile. Kama kibao. Kikiwa mbali, kikiwa karibu, maandishi ni yale yale."

Binti alimtazama, na hapo ndipo alipoelewa jambo ambalo kwa miaka yote ishirini na minne ya kuwa mwanawe hakuwahi kulifikiria: baba yake alidhani watu wanaonong'ona wamekaribiana tu.

Alimshika mkono, akaulaza kooni pake. Baba Herufi alilijua koo lile. Binti alipokuwa mchanga, na mama yake ameingia zamu ya kuchapa mitihani, yeye alimlaza kifuani na kuweka kidole chini ya kidevu chake, na kwa kidole hicho akajua kama analia au anapiga miayo.

"Mtoto amelala," alisema binti kwa sauti ya kawaida. Koo lilitetemeka, kama siku zote.

Kisha akalisema tena kwa mnong'ono.

Baba Herufi aliona midomo ikitembea, lakini mkononi hapakuwa na kitu. Koo lilikuwa limezimika. Aliutoa mkono haraka, kama aliyegusa taa akakuta haiwaki.

"Umenyamaza."

"Sijanyamaza."

Akaukamata mkono uleule, akauweka mbele ya mdomo wake, karibu kabisa, akanong'ona mara ya tatu. Kiganjani kwa Baba Herufi zikaja pumzi ndogo ndogo, moja kwa kila silabi, za uvuguvugu, dhaifu kiasi kwamba feni ikigeukia upande wao alizipoteza. Alinyoosha mkono mwingine akaizima feni.

"Tena," alisema.

Mto-to-a-me-la-la.

"Hiyo ndiyo sauti yote?"

"Hiyo ndiyo yote."

Alikaa akikitazama kiganja chake. "Na mimi nikaikamata hii, nikaipandisha mpaka kwenye mstari wa juu," alisema, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyekanyaga kifaranga. "Lakini kwa nini mtu aseme kitu kwa sauti isiyo na sauti?"

"Asiamshe mtu. Au ni siri." Binti alifikiri. "Au anampenda yule anayemwambia, na hataki wengine wachukue."

"Basi mama yako hajawahi kuninong'oneza hata siku moja."

Mama Fotokopi alikuwa amesimama mlangoni kwa muda, kalamu imechomekwa nyuma ya sikio. "Ninong'one vipi na wewe!" mikono yake ilisema. "Maneno yetu anayaona mpaka Fundi Viatu ng'ambo ya barabara!" Alitazama huku na huku, akaishusha mikono yake karibu na tumbo, akaukunja mmoja uwe ukuta wa mwingine, na nyuma ya ukuta huo akafanya ishara ndogo, za vidole viwili tu, ambazo binti hakuweza kuziona.

Baba Herufi aliziona. Alizikumbuka. Hivyo ndivyo walivyoongea walipokuwa vijana, chini ya meza ya baba mkwe, mzee mwenyewe ameketi hapo hapo akisoma gazeti, na yule msichana akimwambia mambo kwa vidole viwili huku uso wake ukimtazama baba yake kwa utiifu mkubwa.

"Kumbe!" alisema Baba Herufi. Masikio yake, ambayo hayakuwa na kazi nyingine, yaliwaka moto.

"Alisema nini?" aliuliza binti.

"Wewe haikuhusu," alijibu mama yake, akarudi dukani.

Wakaanza kazi. Baba Herufi aliiondoa Sawa kwenye filamu ya M, na wimbi la sauti likaanguka, likarudi kuwa vilima na mabonde. Macho yake yaliumia kulitazama, mikono ikamwasha kutaka kulinyoosha. Lakini aliuliza, sentensi baada ya sentensi. Hapa koo au pumzi? Koo. Na hapa? Koo, lakini dogo, mama amechoka. Hapa? Pumzi. Binti alijibu, kisha kila mara akaikalia tena mikono yake asije akaishika mausi. Mara mbili aliitoa ili ajibu swali, ikaelekea kwenye mausi yenyewe, na mara mbili baba yake aliipiga kofi la utani.

Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Programu ile inaweza kuchukua wimbi la sauti na kuligeuza alama za mwendo, herufi ikawa kubwa sauti ikikua na ikapungua sauti ikipungua. Zamani alijaribu mara moja akaacha, maana kwa sauti iliyonyooshwa na Sawa herufi zilisimama tu kama askari. Sasa aliifunga ile M kwenye sauti ya binti yake. Akabonyeza.

Mwezi ulipotajwa, M iliinuka. Mama alipomwita mtoto, ikajaa. Na pale kwenye mnong'ono haikulala kama mawe, wala haikuruka. Ilipanda kidogo, ikashuka kidogo, kama blanketi juu ya mtu anayepumua.

Baba Herufi alikiweka kiganja kwenye kioo, juu ya herufi.

Alitoa faili jua likiwa bado liko kwenye tangi la jirani. Binti alivaa hedifoni, akasikiliza mara tatu, akainua kidole gumba, na baba yake akamchunguza uso mzima, kipande kwa kipande, kabla ya kuamini.

Ijumaa saa nne watoto thelathini na kitu waliketi kwenye mkeka katika chumba kirefu cha ile ofisi, wengine wakivua viatu, wengine wakivalishana. Baba Herufi aliomba kusimama mbele, ubavuni mwa kioo, ili awaone. Binti yake alisimama nyuma kabisa karibu na mratibu.

Filamu ikaanza. Watoto walipiga makofi kuuona mwezi. M ilipotembea kwa mwendo wa Fundi Viatu, mmoja aliinuka akaiga, akaketishwa. Mama akambeba mtoto. Kisha ukafika mnong'ono.

Hakuhitaji kutazama kioo kujua. Aliuona ukipita juu ya mkeka kama upepo juu ya nyasi. Vichwa vya mbele viliinama kuja upande wake, na vya nyuma vikafuata. Vinywa viliachama. Msichana mmoja mwenye pengo aliweka kidole midomoni, akamgeukia aliyekaa naye akamwonya. Mvulana aliyekuwa akivuta uzi wa mkeka aliuachia. Watoto thelathini waliacha kutikisika, wote pamoja, kwa ajili ya pumzi ambazo jana yake zilitosha kupotezwa na feni. Baba Herufi alisimama pale, mikono imening'inia, akitabasamu kama mtu asiyejua kwamba anatabasamu.

Nyuma ya chumba, mratibu alimwinamia binti. "Ameipata," alisema kwa sauti ya chini. "Ameipata kabisa. Ila pale mwishoni, mama anapowaaga, nadhani baba ameupenda mnong'ono mpaka akapitiliza. Ameishusha mno. Hawa wa nyuma hawakusikia kitu, wameanza kuulizana." Alimtazama Baba Herufi kule mbele. "Lakini usimwambie sasa. Mwangalie alivyofurahi. Mwache tu, kitu chenyewe kidogo, utakirekebisha wewe nyumbani."

Kwenye hedifoni mwisho ule ulikuwa umesikika; katika chumba kirefu ulipotea. Binti alimwangalia. Baba yake alikuwa amechuchumaa sasa, msichana mwenye pengo akimwonyesha jinsi ya kuweka kidole midomoni, naye akiiga kwa bidii yote. Binti aliijua furaha ile. Alikuwa ameilinda miaka sita, kila alfajiri, akiwa hajanywa chai.

Aliinua mkono juu ya vichwa vya watoto, akaupepea mpaka baba yake akageuka. Alinyoosha mikono yote miwili mbele yake, mahali ambapo chumba kizima kiliweza kuona, akasema bila kupunguza kitu.

"Mwisho ni mbaya. Umeishusha sana. Watoto wa nyuma hawajasikia."

Tabasamu la Baba Herufi lilisimama. Aliwatazama wale wa nyuma, wawili waliokuwa bado wakiulizana, akawatazama vizuri, kama alivyokuwa akiitazama s iliyolala akiwa chini ya ngazi. Halafu akatoa kalamu mfukoni, akakunja mkono wa shati, tayari kuandika kwenye ngozi.

"Sekunde ya ngapi?" akauliza.